Tungule za Bi Mwanakheir

Mwatima, kwanza funga dirisha hilo la barabarani, la uani liache wazi, kisha kaa hapa karibu unipe mkono wako. Na wewe Simai usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kudai, kaa chini. Sikilizeni wanangu, maneno haya ntayasema mara moja tu, maana pumzi yenyewe nnaiokota, na nisipoyasema sasa hivi kabla ya laasiri sijui kama ntayasema tena. Kwa jina la Mwenyezi Mungu, mie Wanu binti Makungu, mama yenu niliyekuzaeni, mwili umenitoka lakini akili ingali yangu.

Vyangu ni vichache. Nyumba hii na uwanja wake mtagawana kama sheria ya Mungu inavyosema, Simai chake na Mwatima chake, wala asije mtu kesho akasema mama alininong'oneza hivi au vile. Minazi ya nyuma ya kisima aliipanda marehemu baba yenu, hiyo ni yenu. Jembe la mpini mfupi apewe Mwatima, ndiye aliyelishika siku zote. Na ule ugomvi wenu wa harusi, nani hakualikwa na nani hakuja, nnakwenda nao kaburini, mkishanifukia asiutaje mtu.

Lakini bustani ile ya upande wa pili wa ua wa makuti, inayotulisha tangu mchele ulipoadimika na watu kuamkia foleni, ile si yangu wala si yenu. Mhogo tunaochemsha, kisamvu, bamia, mchicha, viazi vitamu, majimbi ya pale yanapopita maji ya kuogea, vyote vinatoka kwenye kiwanja cha Bi Mwanakheir, jirani yetu.

Mwatima unakumbuka, Simai ulikuwa bandarini, ulihadithiwa tu. Januari ile ya mapinduzi, Ramadhani inakaribia kuingia, walikuja watu wakamchukua mumewe, Mzee Mkadam, akiwa na kanzu yake ya nyumbani, na mpaka leo hajaonekana. Siku chache baadaye Mwanakheir akanijia uani asubuhi, furushi moja mkononi na mtoto mgongoni, anakwenda kupanda chombo cha Mombasa. Hakulia. Aliniambia, "Shoga, tungule zangu zimeanza kuweka maua. Zimwagilie zisikauke, mie nnarudi." Basi, ndiyo hayo tu. Hakunipa ardhi, hakuniuzia, hakuniapisha. Nami nikamjibu, "Naam shoga, ntazimwagilia," na neno hilo ndilo lililonifunga miaka yote hii.

Nikamwagilia. Zikazaa, zikaiva nyekundu kama nyanya za dukani, nikamsubiri, hakuja. Nikakamua mbegu nikazikausha, nikazihifadhi kwenye jivu, msimu ulipofika nikapanda tena, na tena. Mhogo niliupanda kwa zamu, huku unang'olewa na huku mwingine unachipua, ili asipite mtu wa tawi la chama akasema hapa pori, hapana mwenyewe. Lakini kitu cha kudumu sikukipanda hata siku moja. Mnaijua desturi ya kwetu, kwamba ardhi huweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule, na aliyepanda mti hatolewi kirahisi. Mhogo unauchimba, unaula, umekwisha, haudai kitu. Mnazi ukishashika, siku Mwanakheir akirudi atakuta mtu kamtangulia kwake, na hataingia kwenye uwanja wake mwenyewe mpaka amridhishe huyo mwenye mti. Atamridhisha kwa kitu gani, mjane yule?

Mpapai ule ulioota wenyewe kwa mbegu za ndege, nyuma ya mihogo, nilichelewa kuuona mpaka ukaweka mapapai. Mwatima ulikuwa na mimba ya mwanao wa kwanza, unautamani, kila asubuhi unakwenda kuubonyeza. Nikaung'oa. Ulinuna, hukutaka kunisemesha, na mie nilikuonea huruma sana mwanangu, lakini niliung'oa.

Sasa wewe Simai. Nnaumwa miguu, siumwi macho, na jana dada yako aliponishika kwenda chooni niliona mpaka ng'ambo ya ua. Zile nazi tatu zilizochipua ubavuni mwa kisima hazipo, na pale kwenye matuta ya tungule pana udongo mbichi, umeufunika kwa makuti. Mama yako nnahema kitandani, wewe unapanda minazi kwenye amana yangu! Usitazame chini, nitazame mie. Utakalosema nnalijua, umeshamwambia dada yako jikoni na jiko halina ukuta wa mawe. Bakar wa tawi anakuja Ijumaa kupima viwanja vya waliokimbia, na tusipopanda sisi watapanda wao. Kweli. Bakar nnamjua kuliko unavyomjua wewe, maana ndiye aliyekuja kung'oa milango ya nyumba ya Mwanakheir, mvua ikaingia ndani mpaka kuta zikalala. Nnamwogopa. Nikisikia baiskeli yake inapita nnafunga dirisha. Lakini akichukua yeye, kachukua yeye na Mungu wake. Ukichukua wewe, mwanangu, nimechukua mie, na huko nnakokwenda ntaulizwa mie.

Bakar akija mwambieni hapa pana mhogo wa Bi Wanu, nasi tunaula, na huo si uongo. Akiuliza kiwanja cha nani, mwambieni mwenyewe yuko safarini. Mkiogopa kulitaja jina lake nyamazeni, sikulaumuni, zama zenyewe hizi mnaziona. Lakini neno "chetu" lisikutokeni mdomoni.

Basi nnakuusieni, na wosia wenyewe ndio huu, hayo mengine mngeyajua hata bila mie. Minazi ile ing'olewe sasa, nami nasikia, na pale pachomekwe vijiti vya mhogo. Sitaki kuambiwa inshallah mama, tutaona mama. Radhi zangu kwako, Simai, zimefukiwa mule pamoja na nazi zako, ukizitaka kazitoe. Simai! Unakwenda wapi? Simai, mie sijamaliza...

Mwatima, kaelekea wapi? Katoka kwa mlango wa mbele? Usiende kumchungulia, usiniachie mkono. Kama amekwenda kwa Bakar... kama amekwenda kwa Bakar utang'oa wewe, hata nikishazikwa, hata wakikutukana. Niinue kidogo. Hivyo. Nyamaza tusikilize.

Unasikia? Jembe hilo. Wewe mkono wako huu hapa, nnaushika, basi ni yeye, kazunguka nyumba. Anapiga kwa hasira, baba yake alikuwa hivyo hivyo, akikasirika ndio analima. Mwache akasirike, mradi analima. Huo mmoja, kautupa uani... Na huo wa pili.

Mbona kanyamaza? Bado mmoja. Simai! Bado mmoja, baba! Mwite wewe, sauti yangu haifiki. Mwambie mama anasubiri... Haya. Haya, nimeusikia. Alhamdulillahi.

Mwambie anawe mikono aje nimshike kichwa. Radhi zangu anazo, na wewe unazo, na wanenu wote. Mungu akupeni riziki ya halali na akuepusheni na watu wabaya. Mnioshe nyinyi wenyewe... mnizike upande wa baba yenu, msicheleweshe, na pasiwe na makelele. Mbegu zimo kwenye kichupa juu ya jiko, ndani ya jivu. Ni zile zile zake, sikupata kuzichanganya. Akirudi yeye, au mwanawe, mpeni mbegu na mpeni kiwanja, wala msingoje ahsante.

Maji haya... nimepiga funda, yametosha. Usiyamwage, mwanangu. Kayamalizie kwenye tungule. Tangu nilale hapa hapana aliyezimwagilia, na mwenyewe alisema anarudi.