Transfa ya Gari la Nyamongo

Pale Rodi Kopany, ubavuni mwa duka la mbegu, kuna benchi ambalo halijawahi kushindwa na swali. Alhamisi ile wenye benchi walikuwa watatu, pamoja na Edinah na birika lake la kahawa, na chuma kizito juu ya gunia miguuni pao. Chuma chenyewe kilikuwa transfa, lile boksi linalokaa nyuma ya gia boksi na kugawia magurudumu ya mbele na ya nyuma nguvu. Bila hilo, gari la zamani la fowili, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, halitoki hata getini. Ombui, fundi wanayemwita Spana, alikuwa ameitoa Migori asubuhi, nayo ikakataa katakata kuingia kwenye pikapu ya marehemu Nyamongo, iliyo kwa mkewe hapo jirani. Kesho, Ijumaa, Nyamongo anazikwa kwa baba zake ng'ambo ya Ogwedhi, na aliacha neno moja tu: abebwe na gari lake mwenyewe. Alikuwa na haki ya kuomba. Kwa miaka ishirini gari hilo ndilo lililopandisha majeneza ya watu kwenye tope, magari mengine yakikwama bondeni.

Muuza spea wa Migori alisema ana transfa nyingine tatu. Apigiwe kabla ya saa kumi, aambiwe ya Nyamongo ilikuwa aina gani, naye atume. Sasa ilikuwa saa tisa.

— Hii iko na cheni, alisema Maurice, dereva mstaafu wanayemwita Profesa, akiisukuma kwa mguu. — Sikia vile inachezacheza. Ya Nyamongo ilikuwa gia tupu. Ilikuwa inalia mpaka unaijua ikiwa bado iko Rongo.

— Yawa! Kulia ni oili iliisha, alijibu Okari, muuza viatu na mzee wa kanisa la Sabato, ambaye kijiweni ni Askofu. — Transfa inajulikana na uzito. Ile ya gia, watu watatu wanabeba. Ya cheni, wawili na mmoja wa kuongea.

— Huyo wa kuongea ni wewe.

— Haba na haba hujaza kibaba, Profesa. Heshimu chuma.

Edinah alicheka akamwongezea Okari kahawa. Ombui hakucheka. Tangu wakae alikuwa anangoja swali moja, na kila mtu alipofungua mdomo aligeuza uso kuangalia barabara.

— Spana, ile ya Nyamongo, kibati cha namba si kinakuwanga ubavuni? Profesa aliuliza.

— Kilitoka kitambo, alisema Ombui.

Alisema uongo. Hakujua kama kibati kilikuwepo au la, kwa sababu hakukitafuta. Jumanne aliifungua ya Nyamongo iliyopasuka, akaona ufa, mkusanya vyuma akapita na mkokoteni wake, akamuuzia. Miaka thelathini ya ufundi ilimwambia transfa ni transfa. Sasa alitamani Jumanne irudi, japo nusu saa.

— Mimi nitawaambia, Profesa alisema, akijinyoosha. — Magari ya mapadri, shafti ya mbele inatokea kulia. Ya serikali, kushoto.

— Na ya Wasabato?

— Hizo Jumamosi hazitoki, Askofu.

— Wewe cheka tu. Kule kiwandani, zile za kushoto zilitengenezwa na watu wa mkono wa kushoto. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hiyo inaingiana wapi?

— Inaingiana. Kisiwani Mfangano kuna jamaa alifunga mashua yake na transfa ikawa nanga. Miaka saba ziwani! Siku aliitoa, namba bado zinasomeka. Sasa hiyo ilikuwa ya gia.

— Ulijuaje?

— Cheni ingeoza, omera, ndugu yangu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ombui alishusha kikombe. Okari aliitupa methali yake hewani kama kawaida, bila kulenga mtu, lakini ilimchoma palepale.

Ndipo Lynnet akaja, binti wa Nyamongo, viatu vimeshika tope, leso ya kilio bado kiunoni. Wote wakasimama. Okari akampisha kwenye benchi, lakini Lynnet hakukaa.

— Shikamooni wazee. Mama ananituma. Anauliza gari iko aje.

— Tunaifikiria, mama, alisema Profesa kwa upole. — Tunataka kujua ile ya zamani ilikuwa aina gani.

Lynnet aliangalia chuma kwenye gunia, kisha akawaangalia mmoja mmoja.

— Si mlete ile ya zamani tuziweke pamoja? Iko wapi?

Profesa alimtazama Okari. Okari alimtazama Ombui.

— Niliuza, binti yangu, alisema Ombui. — Jumanne. Chuma kuukuu. Imeshaenda na lori Kisumu. Nimekosea baba yako, na sijui nitasema nini.

Lynnet hakumlaumu. Ingekuwa afadhali amlaumu. Alijifunga leso upya, akageuka kurudi njia aliyojia, halafu akasimama.

— Mama anaosha hiyo gari tangu asubuhi, alisema. — Amebakisha magurudumu. Nimwambie aache?