Bi Robo Anastaafu, Chembe Bado Imebanwa

Baada ya miaka thelathini na minne, fundi mkuu wa maabara yetu ya madini anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Nimeombwa nimwandikie wasifu kwa kuwa mimi ndiye ninayerithi kiti chake. Nakiri kwamba hadi sasa sijui nimerithi nini hasa.

Kazi yake ni kubana chembe ya madini kati ya ncha mbili za almasi hadi ipate shinikizo kama la kilomita elfu mbili chini ya ardhi, tuone inabadilikaje huko ambako hakuna mtu atakayefika. Skrubu za kuzibana ncha hizo ni nne, naye hukaza kila moja robo mzunguko, moja baada ya nyingine, bila haraka. Ndiyo maana tunamwita Bi Robo. Hata mumewe akija kumchukua jioni huuliza Bi Robo yuko wapi.

Miaka yote hiyo hajavunja almasi hata moja. Mimi nimevunja mbili tangu Januari, na mara zote alinitengenezea chai kabla ya kuniuliza chochote.

Sasa hili la wiki iliyopita. Alikuwa na chembe mbili juu ya kioo: moja ya madini, nyingine ya chumvi tunayoyazungushia madini yasipondeke. Akapiga chafya, zote mbili zikaruka. Akaokota moja tu aliyoiona, akaikaza siku nzima, kisha daftarini, mahali pa jina la sampuli, akaandika kwamba anadhani ni madini. Anadhani! Mtu anayepima hadi majani ya chai!

Tukilegeza skrubu tuhakikishe, madini yatarudi yalivyokuwa, na kuandaa mengine ni miezi mitatu. Tusipolegeza, huenda zamu ya mashine ya eksirei tuliyoingoja mwaka mzima ikaishia kuipiga picha chumvi. Nimewaza hadi kichwa kinauma. Nilipomwuliza la kufanya, alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaenda kurudisha funguo.

Skrubu sijazigusa. Nimeamua kuyaamini macho yake kuliko hofu yangu, ingawa sijui kama huo ni ujasiri au ni woga tu.

Bi Robo, asante kwa mikono yako na kwa subira yako kwetu. Tunakutakia afya njema na asubuhi zisizo na kengele. Ila tarehe 18 Julai, siku ya zamu yetu, tafadhali njoo. Ikiwa ni chumvi, sitaki kuaibika peke yangu.