Jiwe Nyuma ya Nyumba Yangu

Ukuta wa chumba chetu cha kulala ulianguka wakati wa Pasaka, na ilipofika Oktoba watoto wangu watano walikuwa bado wanalala jikoni pamoja na nguruwe. Nyuma ya nyumba lilisimama jiwe kubwa kuliko mkokoteni wa nyasi, moja ya yale yanayokizunguka kijiji chetu hapa Wiltshire. Kila mtu hapa amejenga kwa mawe hayo. Unachimba shimo, unaliangusha jiwe humo, unalichoma kwa nyasi kavu mpaka liwe jekundu, unalimwagia maji baridi, kisha unapiga nyundo. Shimo langu lilikuwa tayari, nyasi tayari. Waliokosekana ni wavunjaji, maana walikuwa wameketi kwenye benchi mlangoni pangu wakinywa bia yangu: mume wangu Obadia, anayeitwa Nyundo; jirani yetu Nusu Kasisi, aliyepewa jina hilo kwa sababu aliwahi kumshikia kasisi farasi; na mzee Shahidi, ambaye hakuna jambo lililotokea duniani yeye asiwepo.

Kisa cha kuketi kilikuwa Bwana Peverell, mpenda mambo ya kale kutoka London. Asubuhi alikuwa amejilaza mbele ya jiwe na mnyororo wake wa kupimia, na sasa alisimama mbele ya benchi.

— Nawasihi msiliguse! Kwanza tujue ni nini.

— Ni ukuta wangu, nikamwambia.

— Ni bibi harusi, akasema Nusu Kasisi. Alicheza ngoma siku ya Jumapili, akageuka jiwe yeye na wageni wote.

— Bibi harusi mnene hivyo? akauliza Nyundo.

— Zamani watu walikuwa wanakula, bwana.

Shahidi akacheka mpaka akapaliwa na bia.

— Bibi harusi gani! Lile ni jino. Jitu lililala hapa chali, kinywa wazi. Mawe yote haya mnayoyaona kwa duara ni meno ya chini.

— Uliliona, mzee?

— Nililisikia likikoroma.

— Basi halijafa?

— Nani kasema limekufa? Mama Hester, unadhani ukuta wako uliangushwa na nini? Lilipiga miayo.

Bwana Peverell akaandika. Nyundo akaweka kikombe chini taratibu.

— Ngoja, mzee. Kama yale ni meno, sisi hapa tumekaa wapi?

— Kwenye ulimi.

— Nilijua! Ndiyo maana hapa hapakauki mwaka mzima.

— Na tukilichoma jino lake moto? akauliza Nusu Kasisi.

— Litaumwa, litafumba kinywa. Kijiji kizima kitamezwa, kuanzia kwa kasisi.

— Obadia, nikasema, mvua inakuja. Inuka.

— Mke wangu, unataka tumezwe?

— Nataka watoto walale pakavu.

Bwana Peverell akajipangusa tope, akasema kwa upole wa msomi kwamba wote tumekosea. Makuhani wa kale wenye ndevu nyeupe walipanga mawe haya kuwa nyoka mkubwa mtakatifu. Ukimtazama kutoka angani, kichwa kiko kilimani.

— Na nani alikuwa angani? nikauliza.

Akaendelea kuchora nyoka hewani kwa kidole.

— Mkia je, bwana? akauliza Nyundo.

— Mkia unaishia kwenye banda la nguruwe la mama huyu.

Wote wakanitazama kana kwamba nimeuficha mimi.

— Basi mimi siwashi moto, akasema Nyundo. Awe bibi harusi, liwe jino, awe nyoka, hakuna hata mmoja atakayefurahi.

Hapo ndipo akafika Kezia, mwanamke anayetembeza pini na utepe vijijini. Akatua kikapu, akaomba maji, akazunguka nyumba, akarudi.

— Jiwe lenu lina ubavu ulionyooka kama meza, na liko hatua mbili tu kutoka ulipoanguka ukuta wenu. Kwa nini msilifanye ndilo ukuta?

Nikaichukua bia benchini, nikaimimina ardhini, nikamkabidhi Nyundo koleo.

— Fukia shimo.

Kabla ya theluji paa lilikuwa limeliegemea jiwe, na tulilala chumbani, sote saba. Jitu la Shahidi halijapiga miayo hata siku moja. Bwana Peverell huja kila kiangazi kulipima upya. Hana budi kuvua viatu, kuinama mlangoni, na kupanda kitandani kwetu ili afikie kona ya juu. Mwaka huu mwanangu wa sita alikuwa analia na mikono yangu ilikuwa na unga, kwa hiyo nilimpa ambebe. Alipima hivyo hivyo, kwa mkono mmoja. Vipimo, anasema, havilingani na vya mwaka jana, lakini mtoto alilala.