Mama Tulia na Mchango wa Kwanza

Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi huu, Mama Tulia anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika shirika letu la kuchangishia hospitali fedha. Aliingia akiwa mpiga chapa mwenye viatu vya kuazima kwa dada yake. Anaondoka akiwa mkuu wa uchangishaji. Jina la Tulia tulimpa sisi, kwa kuwa kila wazo letu jipya alilijibu kwa neno moja: tulieni.

Alikuwa na sharti lake. Kabla hajampata mtu mmoja wa kutoa fungu kubwa, angalau theluthi ya kinachotakiwa, hakuna bango, hakuna tangazo, hakuna hafla. Sisi vijana wa wakati ule tuliona anatuchelewesha. Nilimkumbusha kwamba haba na haba hujaza kibaba. Alikubali, ila akasema kila mtu huipima haba yake kwa kuitazama ya aliyetangulia. Hilo halikuniingia.

Basi mwaka tuliohitaji chumba cha watoto njiti, wakati watoto watatu walipokuwa wakilazwa kwenye mashine moja ya joto, nilisubiri aende likizo nikachapisha mabango na kuita watu. Aliyesimama kwanza ni mwenyekiti wetu, mtu mwema asiye na kitu, akaahidi bei ya shuka mbili. Waliofuata wote wakaahidi shuka mbili. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye malori manne, naye aliahidi shuka mbili, akaongeza foronya. Tukawa na matandiko tele ya chumba ambacho hakikuwepo.

Mama Tulia aliporudi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaanza safari za dukani kwa yule mwenye malori. Miezi minne alisikiliza habari za mgongo wake na za wakwe zake, bila kuomba hata msumari. Siku aliyoomba, mzee alisema wengine watangulie, yeye atamalizia kitakachopungua. Hapo ndipo Mama Tulia aliposema maneno ambayo sasa tunafundishana kazini:

“Mzee wangu, anayemalizia hupigiwa makofi. Anayeanza hufuatwa. Watoto wale wanahitaji mtu wa kufuatwa.”

Mzee alitoa nusu ya gharama yote. Tuliita watu upya, jina lake likasomwa la kwanza, na maji yakafuata mkondo. Hata fundi cherehani wa jirani alifuta shuka zake mbili akaandika mabati ishirini. Chumba kilifunguliwa kabla ya mwaka kwisha.

Miaka miwili baadaye, mjukuu wa Mama Tulia alizaliwa mimba ikiwa na miezi saba, akalazwa humo wiki sita. Nesi mgeni alimwondoa bibi dirishani kila saa ya kutazama wagonjwa ilipokwisha, naye alitii bila kusema yeye ni nani.

Mama, asante kwa kutuvumilia hadi tukaelewa. Nenda na afya njema, maisha yakunyookee, na mjukuu wako yule, ambaye sasa yuko darasa la tano, akuchoshe kwa mbio zake.