Teresia Kathure, Aliyepeleka Posa Mlimani

Tunayemzika leo hapa Manor Park, London, ni Teresia Kathure, kifungua mimba wa marehemu Mzee M'Ikiara na marehemu Mama Tirindi. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 karibu na Nkubu, Meru. Huko ni kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na kama wengi wetu wa huko, hakuona sababu ya kuupanda. Mlima ulikuwa wa kutazamwa asubuhi ili mtu ajue kama mvua itanyesha.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Nkubu, kisha akajifunza uuguzi katika hospitali ya misheni kuanzia 1966 hadi 1969. Mdogo wake Jotham, ndiye huyu anayewasomea, alipimwa joto kila likizo hata kama haumwi, na akilalamika anapimwa tena.

Mwaka 1971 aliolewa na Mwalimu Festus Mutuma. Wazee wa upande wa Mwalimu walikuja nyumbani mara tatu ndipo wakakubaliwa, na Teresia alijivunia hizo mara tatu maisha yake yote. Walijaliwa Griffins na Makena. Mwalimu alifariki mwaka 1990, na ni kweli kwamba dada yetu hakucheka vizuri kwa miaka mingi baada ya hapo.

Alifika London mwaka 1993. Alianza kwa kutunza wazee, halafu akarudia uuguzi wake katika wodi moja ya mashariki mwa jiji. Aliishi Stratford mpaka mwisho. Kati yenu mliopo hapa, mliowahi kulala kwenye kochi lake mnajijua, na mnajua pia kwamba saa moja asubuhi lilikuwa linatakiwa.

Mwaka 2000 Griffins alimwambia mama yake kwamba atamwoa Ragnhild, binti kutoka Norwe aliyesoma naye hapa London. Teresia hakuwa na neno na binti. Neno lake lilikuwa na utaratibu. "Siwezi kumwita mtu mkwe kama sijakaa chini na wazazi wake," alisema. Griffins akajibu kwamba tarehe imeshapangwa, aje asije. Wakanyamaziana miezi minne, mama na mwana, na nyumba ile ikawa baridi kuliko Januari ya hapa.

Aliyepiga simu ni Ragnhild, kwa Kiswahili alichokuwa akijifunza. Alimwalika Teresia Norwe, Agosti 2001. "Mama, Jumapili ni kutembea," alisema. "Baba na mama watatungoja juu."

Sasa, kwetu mtu akisema anaenda kutembea, anaenda kwa watu: kuna sebule, kuna chai, kuna heshima. Na "juu" Teresia alielewa ni ghorofani. Akafurahi mno. Akamchukua Jotham awe msemaji wa ukoo, maana mama wa kijana hasemi siku kama hiyo. Jumapili hiyo alivaa kitenge kipya, kilemba na viatu vya kanisani. Kiondo chake kilikuwa na sukari, majani ya chai na leso mbili. Jotham alivaa suti na tai, na hotuba ilikuwa kichwani.

Gari lilisimama chini ya mlima uitwao Skeikampen. Hata Wanorwe wenyewe husema ni mlima mwepesi, na siku ile tulipitwa na nyanya mmoja na mbwa wake. Wakati wa theluji hujaa watu wa kuteleza na mbao miguuni. Lakini ilikuwa kiangazi, na viti vyao vya kupandia vilikuwa vimening'inia bure kwenye waya.

"Hizi viti ni za nini?" Jotham aliuliza.

"Za wenye kuteleza, Anko," Griffins alisema.

"Na sisi?"

"Sisi tuko na miguu."

Walipanda. Lakini njia ilipoanza kuwa mawe, Teresia aliketi, akaweka kiondo chini. Hakuwa amechoka. Alikuwa ameumia.

"Mgeni anaitwa mlimani kama mbuzi?" alimwambia mwanawe. "Hawa watu wametukataa, Griffins. Wanataka turudi wenyewe."

Ragnhild alielewa maneno yote, akabadilika rangi. Alipiga magoti pale kwenye mawe. "Mama, hapana. Sebuleni tunakaa na mtu yeyote. Baba analeta hapa mtu anayempenda." Akavua buti zake, akamvisha Teresia, yeye akavaa vile viatu vya kanisani. Teresia alimtazama binti wa watu akichechemea kwenye changarawe. Kisha akainuka.

Wazazi walikuwa kileleni kweli, na chupa ya kahawa. Ule ndio wakati wa msemaji kusema. Msemaji alikuwa amejiinamia, pumzi hana, hotuba yote imepotea. Basi Teresia akavunja mwiko mwenyewe.

"Mimi ni Mama Griffins," alisema. "Nimekuja kuomba binti yenu. Mkininyima, sina hata nguvu ya kukasirika."

Ragnhild akatafsiri. Baba yake, mtu wa maneno machache, alimimina kahawa kwanza. Halafu akasema jambo, na binti akashindwa kulitafsiri mara moja kwa sababu ya machozi. "Anasema walikuwa wanaogopa hutakuja."

Teresia alimfunga mama yule leso mabegani, wakashikana, hakuna aliyehitaji msemaji. Harusi ilifanyika Desemba hiyo, na Teresia alicheza mpaka viatu vikamshinda.

Ugonjwa wa saratani ulijulikana Aprili 2007. Alijua dawa zote na hakutaka kudanganywa. Ragnhild aliacha kazi akahamia Stratford, akamwogesha, akamsuka, na usiku wa maumivu aliketi naye. Teresia alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 9 Novemba 2008, mkono wake ukiwa mkononi mwa Ragnhild. Kuzikwa London aliamua mwenyewe, na tuliobisha tulishindwa.

Jotham alipomsomea Teresia, angali hai, rasimu ya wasifu huu, alimkatiza penye majina ya wanaosalia. Jotham alieleza kwamba mke wa kijana huandikwa pamoja na wakwe, ndio utaratibu. "Utaratibu naujua," Teresia alisema. "Andika vile nimekwambia."

Ameacha watoto watatu: Griffins, Makena na Ragnhild, mjukuu mmoja, Kathure, na mdogo wake Jotham. Mungu amlaze pema dada yetu. Imeandikwa alivyotaka.