Matroni na Fomu ya Jokofu

Tarehe 30 ya mwezi huu Matroni wetu anastaafu rasmi, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, kumi na tisa kati ya hiyo akiwa msimamizi wa kituo chetu cha afya. Mimi ni karani wa mapokezi. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu, kwa maneno ya wenzangu, hakuna aliyemsumbua Matroni kunishinda. Siwezi kubisha.

Alianza kama muuguzi wa wodi ya wazazi, na wagonjwa wakamwita Sista Pole, kwani hata akigonga kiti alikiomba radhi. Kazi aliijua barabara, ila mbele za watu alikuwa hoi. Kwenye vikao vya asubuhi alisimama nyuma ya kabati la dawa, na akiulizwa jambo alimnong'oneza jirani yake ajibu kwa niaba yake. Alipoteuliwa kusimamia kituo aliandika barua mbili za kukataa, akaogopa kuzipeleka. Hivyo ndivyo tulivyopata kiongozi.

Wiki ya tatu likatokea la kutokea. Jokofu la chanjo hupimwa joto asubuhi na jioni, na kipimo huandikwa kwenye fomu iliyobandikwa mlangoni pake. Zamu ya kuandika ilikuwa yangu. Kwa kuwa kila siku ya Mungu kipimo kilikuwa nyuzi tano, Jumatatu nilijaza tano za wiki nzima, nikaendelea na shughuli nyingine. Alhamisi Matroni alifungua jokofu akakuta kipimajoto kiko chini ya sifuri na chupa zimeganda. Fomu yangu ilisema tano, hata ya Ijumaa ambayo ilikuwa haijafika.

Jumatano, siku moja kabla, tulikuwa tumechanja watoto thelathini na wanane, na kwa fomu ile hakuna aliyeweza kujua chanjo ziliganda lini. Chanjo iliyoganda haimdhuru mtoto, lakini pia haimkingi. Mama anarudi nyumbani ametulia, kumbe mwanawe yuko wazi kwa maradhi.

Nilimshauri tufunike kombe mwanaharamu apite. Nani angejua? Akisema, angeweza kuvuliwa cheo kabla hajakizoea kiti, na kina mama wangeweza kukihama kituo wasirudi tena. Alinisikiliza hadi mwisho, akampigia simu mratibu wa chanjo. Alimweleza kila kitu, akaomba chanjo mpya na jokofu la kuazima. Kisha akaniagiza niwaite kina mama wote.

Jumamosi mabenchi yalijaa. Alisimama mbele yao bila kabati la kujificha. Miguu ilimtetemeka hadi funguo za stoo zikawa zinalia mfukoni mwake, akazitoa akanipa nimshikie. Akawaambia kwamba chanjo ziliharibika, kwamba kituo kilichokosea ni chake, na kwamba watoto inabidi wachanjwe upya, kwa chanjo mpya zilizo kwenye jokofu la kuazima. Jina langu hakulitaja. Nilisimama na zile funguo nikitamani ardhi ipasuke nizame.

Ndipo fundi cherehani mmoja, mama wa mapacha, akainuka na kudai aonyeshwe hilo jokofu la kuazima. Aliingia, akainama, akasoma kipimajoto mwenyewe, akatoka na kutangaza kwa sauti ya sokoni kuwa ni tano. Akakaa, akaanza kumvua pacha wa kwanza shati. Benchi zima likashusha pumzi, nami nikashusha yangu.

Walikuja watoto thelathini na saba. Familia ya wa thelathini na nane ilikuwa imehama, na siku tisa tulizunguka kwa miguu, Matroni na mimi, tukibisha hodi mtaa kwa mtaa. Tulimpata ng'ambo ya reli. Alipokwisha kuchanjwa, Matroni alikaa kizingitini akacheka hadi machozi, na mwenye nyumba akadhani tumechanganyikiwa. Kliniki iliyofuata nilisimama nikawaambia kina mama kwamba fomu niliijaza mimi. Hakuna aliyenituma.

Tangu hapo, kliniki haianzi mpaka mzazi mmoja kutoka mabenchini asome kipimajoto na kutangaza, ndipo mimi niandike. Jokofu limeharibika mara nne katika miaka hiyo, na mara zote tumejua siku hiyo hiyo, kabla ya sindano ya kwanza.

Jumatano iliyopita, kliniki yake ya mwisho, Matroni alimleta mjukuu wake, akakaa benchi la nyuma kusubiri zamu kama bibi mwingine yeyote. Kina mama wakamchagua yeye asome. Yule aliyekuwa akijibu kwa kunong'ona alitangaza tano hadi mlinzi getini akaitikia.

Matroni, asante kwa kutufundisha kusema kweli huku magoti yakigongana. Tunakutakia siku njema, ndefu, zisizo na zamu. Nenda kapumzike bila wasiwasi. Leo asubuhi jokofu ni nyuzi tano. Nimetazama kwanza, ndipo nikaandika.