Margaret Njeri na Pua ya Kenge

Tarehe 30 Juni 2006, Margaret Njeri anastaafu baada ya miaka kumi na mitano katika karakana yetu ya Queensbury, London. Alikuja mwaka 1991 kufanya usafi kwa wiki mbili. Kufagia hakukumfaa: kila mara alikutwa ameegemea ufagio, akiwaeleza mafundi wanapokosea.

Kwa wageni wasiolijua, Kenge ni gari la michezo linalouzwa vipandevipande, mnunuzi akajiunganishie nyumbani. Bodi ni ya faibaglasi. Injini na magurudumu hutoka kwenye gari dogo kuukuu ambalo mnunuzi hulitafuta mwenyewe. Kimo cha Kenge hakifiki kiunoni. Halina milango: paa lote hufunguka kuelekea mbele pamoja na kioo, kisha dereva huvuka ukingo na kujilaza ndani. Lilichorwa na Kirit, kaka yake bosi wetu Ranjan, wote wazaliwa wa Nakuru, wakaliita Kenge kwa jinsi linavyotambaa. Hadi leo Kenge yaliyoundwa hayajafika sitini.

Margaret alifundishwa kutandaza faibaglasi ndani ya kalibu, yaani umbo tupu linaloipa bodi sura yake, hatimaye akawa fundi mkuu wa bodi. Ndiye aliyeweka desturi kwamba kila mnunuzi akae kwanza kwenye bodi tupu. Bwana mmoja wa Harrow alinasa mabega, tukamchomoa watu watatu. Margaret alimshauri anunue baiskeli. Alinunua Kenge, na bado hutuletea keki kila Krismasi.

Mwaka 1998 ukaja ukaguzi mpya wa magari yanayoundwa na watu binafsi. Taa za mbele za Kenge zilikuwa chini mno. Bila kuziinua, hakuna Kenge jipya ambalo lingesajiliwa, na sisi sita tungerudi kutafuta kazi. Dawa ilikuwa kukata kalibu ya pua. Ranjan alikataa. Kirit alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kalibu ile aliichonga mwenyewe.

"Heri nifunge," Ranjan alisema. "Hii ndiyo mkono ya ndugu yangu iliyobaki."

Margaret, ambaye kwa kawaida hamnyamazii mtu, hakubishana. Alitoa pua moja kutoka kwenye kalibu, akaikata hiyo badala yake, akainua taa, kisha akamwita Ranjan aione. Ukweli usemwe: ilikuwa mbaya. Gari lilifanana na chura aliyeshtuliwa. Adolphe, mpaka rangi wetu, aliketi chini kwa kucheka. Ranjan naye akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Halafu akavua koti, akachukua msasa, akaanza kumwonyesha Margaret pale ambapo Kirit angepunguza. Walifanya kazi hiyo majuma kadhaa, wakigombana karibu kila siku. Pua hiyo ndiyo iliyozaa kalibu mpya, na gari likapita ukaguzi. Kalibu ya Kirit imetundikwa ukutani, nzima.

Sasa Margaret anahamia Nyeri, kwa mdogo wake, ambaye tumekwisha kumwonya. Sisi tutamkosa sana, tena kuliko tulivyowahi kumwambia.

Tulimwomba Ranjan aandike machache hapa. Alijaribu, akashindwa, akatukabidhi picha ya Kenge ya kuwekwa kwenye jalada la kijitabu hiki, pamoja na agizo moja: chini yake yawekwe majina ya wabunifu wa gari. Ameyaandika mwenyewe kwa kalamu: Kirit na Margaret Njeri.

Asante sana, Margaret. Uishi vyema, na miaka mingi.